Paja la Mkwe

Ukitaka kumjua Malongo wa Shibuda, usianze na uso. Uso anao wa kawaida, mpana, wenye meno yaliyojipanga vizuri, nao hautakuambia kitu. Anza na mkono wake wa kushoto. Umelainika kama mkono wa karani, kwa sababu kutwa nzima unashinda ndani ya glavu ya chuma, ile iliyofumwa kwa vipete vidogo vidogo ili kisu kikiteleza kisikute kidole. Mkono wa kulia ndio wenye kisu. Huo una sugu, na hata Malongo akisinzia kanisani, maana mahubiri mengine hurefuka jamani, vidole vyake hubaki vimejikunja kana kwamba mpini bado umo.

Malongo anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, si mbali na njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Sasa wengi wakisikia hivyo hudhani ni bucha kama bucha, ila kubwa. Sivyo. Mwenye bucha wa sokoni anamjua ng'ombe mzima, kuanzia ulimi hadi mkia. Kule kiwandani ng'ombe huingilia upande mmoja akiwa ng'ombe na kutokea upande wa pili akiwa ndani ya makasha, na hapo katikati wamesimama watu kwa mstari, kila mtu na kipande chake. Theonest ana msumeno na shingo. Josefina ana kidari na mbavu, na yeye ndiye anayepunguza mafuta. Malongo ana paja la nyuma.

Paja linakuja likining'inia kwenye kulabu, linateleza kwenye reli ya juu, linafika mbele yake na kutulia. Anaingiza ncha ya kisu penye nyonga, anauzunguka mfupa, anavuta, na mfupa unatoka mweupe kama uliolambwa. Mnofu unaangukia kwenye trei. Linakuja jingine. Hivyo hivyo, paja baada ya paja, mpaka kengele ilie. Na kengele ikilia, hata kama kisu kiko katikati ya nyama, kinawekwa chini. Watu wananawa hadi kwenye viwiko, wanapanga foleni, wanaenda kula. Msimamizi wao, Mama Priscila, hana mzaha na kengele. Mwanzoni walitii kwa kumwogopa yeye. Siku hizi mikono inatii yenyewe.

Baba yake Malongo, mzee Shibuda, alihama na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akaja kutua Nemba. Katika boma lake kila ng'ombe ana jina, ana ukoo, na ana kesi zake. Kuchinja ni jambo la nadra, na huwa linatanguliwa na kikao. Kwa hiyo mwana alipopata kazi ile, mzee alimkalisha chini.

"Hao ng'ombe wa watu, unawafanya nini huko?"

"Nawatoa mifupa, baba."

"Yote?"

"Ya paja la nyuma tu."

Mzee alifikiri, akakuna kidevu. "Ya paja tu," akasema. "Basi dhambi yako si kubwa."

Eufrazia alikuja maishani mwake kupitia mlango wa nyuma wa kiwanda, mahali mifupa inapouzwa. Eufrazia ni binti wa kule Ngara, nyumbani kwao ni kwenye kilima karibu na Kabanga, lakini alikuwa na kibanda cha chakula hapo njia panda. Madereva wa malori yaendayo Burundi na Rwanda walikuwa hawavuki bila kunywa supu yake. Alikuja kununua mifupa asubuhi, akiwa amejifunga khanga juu ya sweta, na alikuwa anaichagua mmoja mmoja, anaugeuza, anaugonga kwa kidole, mwingine anaurudisha. "Huu wa goti una uboho, huu nauchukua. Huu wa bega umenyolewa, mpeni mbwa."

Malongo alimwona kupitia dirisha. Tangu siku hiyo, mifupa ya paja ikaanza kutoka na nyama kidogo. Kisha si kidogo. Madereva wakaanza kusema supu ya Eufrazia imenona. Naye akaanza kuuliza mifupa ya yule kaka wa dirishani. Mwisho Mama Priscila alisimama nyuma ya Malongo, akauinua mfupa mmoja juu, akautazama kwa muda.

"Malongo. Hiki unachofanya ni kazi au ni sadaka?"

Mstari mzima ulicheka hadi msumeno ukazimwa. Jioni ile Malongo alikwenda kunywa supu kama mteja, akailipia, na hakuna aliyeshangaa walipoanza kuzungumza habari za kuoana.

Basi ikafika siku ya Malongo kwenda Kabanga kujitambulisha. Mzee Fabiani, baba yake Eufrazia, ni mtu wa kahawa na migomba, kiongozi wa jumuiya kanisani, mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu inayokufanya ukae wima. Alimkaribisha, akamtilia rubisi, pombe ya ndizi, kwenye bilauri, akamuuliza kazi. Malongo, kwa kutaka kupendeza, akajibu, "Mimi ni fundi wa kukata nyama, baba. Kiwanda kizima wananijua."

Hakusema uongo. Ila aliishia hapo.

Mzee Fabiani alifurahi. Akaeleza kwamba katika ukoo wao, mkwe huleta dume, na dume hilo hugawiwa mbele ya watu, kila mtu na haki yake. Shingo ni ya mjomba. Kidari ni cha bibi. Nundu ni ya baba wa binti. Mbavu ni za majirani walioulea mji. Na paja moja la nyuma, na mfupa wake ndani, hurudi na mkwe hadi kwao. Wazazi wake wakiona paja linaingia uani, wanajua wamekubaliwa. Asiporudi na paja, asitaje tena jina la binti.

"Kwa kawaida hugawa wazee wetu," akasema Mzee Fabiani. "Lakini wewe ni fundi. Utagawa mwenyewe. Mtu anayejua kugawa nyama bila kumsahau mtu, huyo atajua kugawa na ndani ya nyumba."

"Ndiyo, baba," akasema Malongo. Lile "ndiyo" lilitoka lenyewe, kama mikono yake inavyofanya kengele ikilia.

Njiani kurudi alimwambia Eufrazia ukweli. Eufrazia alisimama barabarani.

"Hujawahi kukata shingo?"

"Shingo ni ya Theonest."

"Kidari?"

"Josefina."

"Sasa wewe Malongo, ulikuwa unajisifia nini pale? Goti?"

"Nyonga na goti," akasema Malongo kwa unyonge, na Eufrazia akacheka mpaka akashika mti. Alipomaliza akafuta macho. "Rudi kamwambie baba."

"Nitamwambia nini? Kwamba anamwoza binti yake kwa mtu wa mguu?"

Badala ya kumwambia mzee, aliwaambia wenzake. Wakati wa kula, juu ya wali na maharage, Theonest alisikiliza hadithi yote, akatikisa kichwa kama daktari. "Hilo si tatizo. Twende wote. Kila mtu akate chake. Mkwe kuja na wenzake si dhambi." Josefina naye akasema amekuwa akitafuta sababu ya kuvaa lile gauni lake jipya. Ikawa hivyo. Msukuma anayekwenda kuposa huenda na ukoo. Malongo alikwenda na wajomba zake wawili waliolifikisha dume, na mstari wa kiwanda.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi yenye jua zuri. Uani kwa Mzee Fabiani palijaa watu, migomba ilikuwa imekatwa majani ya kutosha, na jikoni ndizi zilikuwa zimekwishamenywa. Mbele kabisa, kwenye kiti cha mto, aliketi Bibi Restituta, mama yake Mzee Fabiani, mdogo kama kifaranga ndani ya shuka lake, mdomoni hana jino hata la kukopesha. Karibu naye alikaa mjomba Habimana, mtu wa Kabanga mjini, anayebadilisha fedha pale mpakani, naye alikuwa na maneno.

"Nasikia Wasukuma wakichinja ng'ombe hulia kwanza," akasema. "Tuwaletee vitambaa?"

"Tumelilia njiani, mjomba," akajibu Malongo. "Hapa tumekuja kukata tu." Watu wakacheka, na roho yake ikashuka kidogo mahali pake.

Dume lilichinjwa, likachunwa, bwana mifugo akalikagua na kuridhika. Malongo akaomba meza. Zikaletwa mbili za shule, zikaunganishwa na kutandikwa majani ya migomba. Theonest akatoa kitu kwenye begi lake: makoti meupe na kofia za nyavu. Alikuwa ameyaazima kwa Mama Priscila, ambaye alisema tu yarudi yamefuliwa. Wakayavaa. Wakasimama kwa mstari.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza, maana ndipo mambo yalipoharibikia kwa uzuri. Mtu aliyesimama kwenye mstari kwa miaka hawi tena mtu mmoja mmoja. Theonest alipoanza, Josefina alipokea, Josefina alipoachia, Malongo alikuwa tayari. Visu vikawa vinasikika kama watu wanaopukuchua mahindi pamoja. Watoto walikaribia, wakachuchumaa. Wanawake wa jikoni waliacha ndizi. Hata mjomba Habimana alisogeza kiti chake mbele. Mifupa ilitoka myeupe na kurushwa nyuma kwenye turubai, mnofu ukaangukia kwenye masinia, ukapangwa: laini mbele, ngumu nyuma, mafuta yameondolewa, kingo zimenyooshwa. Malongo alifanya mapaja yote mawili, na hakuwahi kufanya mazuri kuliko yale. Alijisikia kama anayeimba.

Ndipo kengele ya parokia ikalia, ya saa sita, ya sala.

Wazee wakafanya ishara ya msalaba. Theonest, Josefina na Malongo wakaweka visu chini, wakaenda kwenye ndoo, wakanawa hadi kwenye viwiko, wakapanga foleni kuelekea jikoni.

Sala ilipokwisha, Mzee Fabiani alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, akatazama masinia kutoka upande huu hadi upande ule. Kisha akarudia.

"Kijana," akasema taratibu. "Shingo ya shemeji yangu ni ipi?"

Malongo akatoka kwenye foleni. Akaitazama nyama. Ilikuwa nyama nzuri, safi, ya kupeleka hata ng'ambo. Ilikuwa yote steki. Na yote ilikuwa sawa.

"Mbavu za majirani?"

Theonest akageuza mnofu mmoja, akaurudisha.

"Hii hapa ninaitambua," akasema mzee, akainua kipande kimoja. "Hii ilikuwa nundu yangu. Mafuta yake yako wapi?"

"Tumeyapunguza, baba," akasema Josefina kwa adabu. "Wateja wa nje hawayapendi."

"Mimi ni mteja wa nje?"

"Hapana, baba."

"Katika ukoo huu," akasema Mzee Fabiani, na sauti haikupanda hata kidogo, jambo ambalo ndilo lililotisha, "mfupa ndio jina la nyama. Nikimpa shemeji yangu nyama isiyo na mfupa, nimempa nyama isiyo na jina. Atakwenda Kabanga aseme alipewa mabaki. Na paja la kwenda kwenu, kijana? Liko wapi paja?"

Malongo alitazama sinia lake mwenyewe. Lile paja lililokuwa limrudishe Nemba akiwa mkwe, alikuwa amelitenganisha kwa ustadi kuliko vyote. Wajomba zake wawili walikuwa wanaangalia viatu vyao. Nyuma ya wanawake wa jikoni alimwona Eufrazia amejishika mdomo, na hakuweza kujua kama anacheka au analia.

Akapiga goti moja chini, na koti lake jeupe.

"Baba, nisamehe. Nilipokuambia mimi ni fundi, nilikuwa na maana ya paja tu. Kiwandani kila mtu ana kipande chake, na changu ni hicho. Hawa nimewaleta ili nisiaibike, na tumefanya kama tulivyozoea. Hatukuwa na nia ya kumnyang'anya mtu jina."

Mzee Fabiani alimtazama kama mtu anayetazama mbegu asiyoijua.

"Mguu," akasema mjomba Habimana mwishowe. "Tunamwoza mtoto kwa fundi wa mguu." Na kwa jinsi alivyolisema, mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akaguna kicheko.

Hapo Eufrazia akapita katikati ya wanawake, akaenda moja kwa moja kwenye turubai la mifupa, akapiga magoti, akakunja mikono ya gauni.

"Eufrazia, mambo haya ni ya wazee," akasema baba yake.

"Ndiyo, baba. Mimi nachagua mifupa tu. Ndiyo kazi yangu." Akauinua wa kwanza, akaugeuza, akaugonga kwa kidole. "Huu wa shingo. Theonest, nyama yako iko wapi?"

Theonest akaruka. Nyama yake aliijua kama mama anavyomjua mwanawe katika kundi la watoto wa shule. Kisu chake huacha mkunjo pembeni. "Hii hapa. Na hii."

"Lete kamba za mgomba. Huu wa kidari, mwembamba, una gegedu. Josefina!"

Kazi ikaanza upya, kinyumenyume. Eufrazia akiutaja mfupa, mwenye kisu akiitambua nyama, na Malongo akiifunga nyama kwenye mfupa wake kwa kamba za mgomba. Mikono ile iliyozoea kutenganisha ilikuwa mizito sana kuunganisha. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili bibi mmoja jirani alimfundisha, kama wafungavyo mzigo wa kuni. Wazee wakasogea, kwanza kutazama, kisha kubishana. "Huo si ubavu wa huko, ugeuze." "Wewe ulichinja lini mara ya mwisho?" Mjomba Habimana alivua saa yake, akaiweka mfukoni, akashika mwisho wa kamba ya shingo yake mwenyewe. "Kaza," akawa anasema, "kaza, isije ikanidondokea mpakani."

Mwisho ng'ombe alilala juu ya majani ya migomba, kipande kwa kipande, kila kipande na mfupa wake, amefungwafungwa kama mtu aliyetoka kuanguka na pikipiki. Nundu ililetwa na mafuta yake pembeni kwenye kibakuli. Watu wakaitwa kwa majina, wakapokea.

Ilipofika zamu ya kidari, Mzee Fabiani akakibeba mwenyewe kwa mama yake. Bibi Restituta akakitazama kwa makini. Kisha akaanza kufungua kamba.

"Mama, unafanya nini?"

"Natoa mfupa."

"Mfupa ndio jina lake, mama."

"Jina nimelisikia, Fabiani. Tangu meno yaishe nimepewa kidari katika kila harusi ya ukoo huu. Nakishika, watu wananipigia vigelegele, halafu kinaliwa na wajukuu. Mimi nabaki nalamba jina." Akausukuma mfupa kando, akautomasa mnofu kwa kidole gumba. Ulikuwa laini, bila mishipa, kazi safi ya Josefina. "Hiki leo nitakila. Nikatieni vidogo, kipikwe mpaka kilale. Na kijana huyu wa mguu, akae karibu na mimi."

Alikila chote, taratibu, na mchuzi wake, huku uani pote watu wakijifanya hawamtazami. Alipomaliza akafuta midomo kwa ncha ya shuka.

"Harusi ni lini?" akamuuliza mwanawe.

Mzee Fabiani alitazama sahani tupu ya mama yake. Mtu asiyejua angedhani ana hasira bado, lakini pembe ya mdomo wake ilikuwa inapigana naye. "Tulikuwa hatujafika huko, mama."

"Tufike. Ikichelewa nitakufa na njaa."

Akainuka yule mzee mfupi, akaenda mezani, akachukua paja moja la nyuma. Malongo alikuwa amelifunga mwenyewe, kwa mafundo mengi kuliko yanayohitajika, na mfupa ulikuwa umechungulia upande usio wake. Akalipima kwa mikono miwili, kisha akamkabidhi.

"Mpelekee Shibuda," akasema. "Mwambie Jumamosi ya kwanza baada ya kuvuna kahawa. Na wewe, mkwe, siku hiyo utakata paja tu. Hayo mengine tutakata wenyewe."

Vigelegele vikapaa hadi barabarani. Eufrazia akarudi jikoni kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, ila alikuwa amevaa kandambili kinyume.

Kesho yake Malongo aliingia uani kwao Nemba, paja begani limefunikwa majani. Mama yake alipiga kigelegele kabla hata hajalitua. Mzee Shibuda alitoka zizini, akafunua majani, akalizunguka paja mara kadhaa kama anavyomzunguka ng'ombe aliyeletwa mnadani. Akagusa kamba. Akagusa fundo. Akaugusa ule mfupa uliochungulia.

"Wakwe zako ni watu wema," akasema hatimaye, "lakini nieleze jambo moja. Huyu ng'ombe, walimchinja kabla hajapona?"

"Alikuwa mzima, baba. Huo ni mkono wangu."

Mzee alimtazama mwanawe, akalitazama paja, akamtazama tena mwanawe. Kisha akaketi kwenye gogo, kwa sababu kicheko kilichokuwa kinakuja hakikuwa cha kukipokea umesimama. Mama Malongo hakungoja kiishe. Alichukua kisu cha jikoni, akakata zile kamba za mgomba moja baada ya nyingine, akatumbukiza mfupa chunguni.

"Supu kwanza," akasema. "Hadithi mtanisimulia wakati inachemka."